Anasomea Nini?

Umeniuliza tena, Wilondja, simu ikikatika-katika:
"Huyo Nyassa wako anasomea nini hasa?"
Mara ya kwanza nilijibu, "Masomo," nikakohoa.
Mara ya pili nikausingizia mtandao.
Leo Jumapili, kiwanda kimefungwa,
theluji ya Waterloo imefika kwenye kitasa cha gari,
sina pa kukimbilia.

Mtoto wa Lubunga anasomea uuguzi: neno moja, yamekwisha.
Wa Etando, umeme. Hata kipofu anauelewa umeme.
Wangu mimi, muhula wa kwanza, alichukua
historia ya njaa, hesabu za bahati,
miamba,
na Kigiriki cha watu waliokufa.
Karatasi ile niliisoma nimesimama jikoni,
buti hazijakauka damu.
"Hicho Kigiriki," nikamwambia, "utamsalimia nani?"
Akacheka. Mama yake hakucheka.

Kazi yangu unaijua. Nguruwe wanakuja wananing'inia,
nami nakata pale bega linapoachana na mbavu,
mkato uleule, mwaka wa sita huu.
Vidole viwili havikunjiki asubuhi
mpaka nivitie kwenye maji ya moto.
Kwa hiyo nilitaka neno moja. Neno linalolipa.
Usinilaumu.

Mwezi wa tatu akaja likizo, akanipeleka Rockford,
kwenye shimo walikochimba zamani udongo wa matofali.
Tope, upepo, hakuna hata duka la chai.
Akainama kama mama yake akichambua mchele,
akaniwekea kiganjani kitu kidogo chenye mifereji:
kombe, Wilondja. Kombe la baharini, limekuwa jiwe.
"Hapa palikuwa bahari, baba."
Nikatazama kulia, mabua ya mahindi.
Kushoto, mabua ya mahindi.
Bahari iko siku mbili kwa gari.
"Nani kakudanganya?"
Nilidhani atamtaja mwalimu wake.
Akasema, "Hata mimi usiniamini. Tazama.
Wewe ungejuaje?"

Ungejuaje, wewe.
Nimeulizwa mengi tangu tuvuke:
kabila, namba ya kadi ya mgao,
ulilala wapi usiku ule, nani alikuona,
na afisa ana jibu lake tayari mezani,
anangoja tu langu lifanane nalo.
Hili sikuwahi kuulizwa.

Nikakaa juu ya ndoo, nikawaza kwa sauti kama mlevi.
Hakuna mtu angebeba makombe yote haya.
Mafuriko? Mafuriko yangeyavunja.
Haya yamelala mazima, midomo imefumba.
Basi hayakuletwa.
Basi yalifia kwao.
Nyassa kimya. Siku hizi anajua kunyamaza,
zamani alikuwa ananikatiza.

Jumanne nimesimama kwenye mstari, kisu mkononi,
nikaliona bega la nguruwe kana kwamba
ndiyo kwanza linaletwa duniani:
lile fundo la mviringo, lile bakuli linalolipokea,
na la kwangu mimi, chini ya aproni, likizunguka vilevile.
Nani aliyafananisha? Nguruwe watatu wakanipita.
Msimamizi alinitukana kwa Kihispania, sikujibu,
nilikuwa bado nafikiri.

Sikudanganyi, deni lipo palepale.
Nusu chuo kimesamehe, nusu tunaivuta sisi,
na mama yake ameanza zamu ya usiku.
Nyassa hajui atakuwa nani.
Nikiamka saa tisa hilo hunikalia kifuani,
wala sina la kulijibu.

Lakini umeuliza. Neno moja sina, ndugu yangu.
Nina hili kombe, nalilaza garini,
kwenye tundu la kikombe cha kahawa.
Nitakutumia picha yake, sitaandika kitu chini.
Wewe unakaa karibu na ziwa.
Litazame vizuri.
Halafu nipigie, hata ukinikuta kazini.